Nyota Iliyoinama kwenye Saa ya Fredy

Ukifika Masumbwe ukauliza alipo fundi wa saa za mkono, watu wa sokoni watakuuliza kwanza: unamtaka mwenye mikono au mwenye macho? Mwenye mikono ni Bujiku. Mwenye macho ni mke wake Mariana, ambaye wengi humwita Mama Fredy, na ambaye hajawahi kufungua saa hata moja maishani mwake.

Mariana alizaliwa upande wa Shinyanga, kwa wakulima wa pamba. Alimaliza darasa la saba, akabatizwa akiwa msichana mkubwa, akaolewa kwa ng'ombe kama ilivyopasa. Bujiku alikuwa amejifunza ufundi kwa mzee mmoja wa Kahama. Walihamia Masumbwe na godoro, sufuria na kisanduku cha vifaa, wakafungua kibanda nyuma ya soko. Mumewe aliinamia meza, lenzi imembana jichoni kana kwamba imeota pale. Yeye alikaa ubavuni mwake akiuza karanga na dagaa, na masikio yake yakawa yanaokota kila neno la ile kazi.

Kazi kubwa ya kibanda kile ilikuwa saa za pamba. Zamani kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kiliagiza saa kutoka Uswisi na kuwapa wafanyakazi wake waliotumika muda mrefu. Ganda lilikuwa limechovywa dhahabu, uso mweupe, na chini ya namba kumi na mbili kilikaa kijinyota cheusi, kidogo kuliko punje ya ulezi. Wazee walizivaa kanisani na kwenye vikao vya mahari. Walipofariki, wana wao walizirithi, na wana hao walipokimbilia dhahabu huko Geita na Nyang'hwale, waliondoka nazo mikononi.

Kwa macho ya kawaida saa zile ni mapacha. Bujiku ndiye aliyegundua kwamba si mapacha, ni ndugu tu. Kwenye baadhi ya nyuso maandishi yalikuwa membamba, kwenye nyingine manene, kama vile aliyepiga chapa alibadilisha mhuri katikati ya kazi. Nyota nyingi zilisimama wima, ncha ikitazama juu. Chache sana zilikuwa zimeinama upande wa kulia, ncha yake ikigusa mstari wa dakika. Hakuna aliyemlipa kuyaona hayo. Aliyapenda tu, kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake kwa mabaka.

"Njoo uone, Mama Fredy," alikuwa akisema. "Huyu chapa yake imeteleza."

"Mimi nina dagaa wa kupima, baba."

"Dagaa hawakimbii. Njoo."

Alikwenda, akaiweka lenzi jichoni, akatazama. Mara ya kwanza aliona kope zake mwenyewe. Baadaye aliona nyota.

Kisha presha ya macho ikaanza kumla Bujiku, kidogo kidogo, kutoka pembeni kwenda katikati. Hospitali walimpa dawa za matone na kumwambia ukweli: kilichopotea hakitarudi. Watu walidhani kibanda kitafungwa. Hakikufungwa. Vidole vya Bujiku vilikuwa vinazijua saa kuliko macho yalivyozijua, na pale ambapo vidole havikufika, Mariana alisoma. Alisoma uso wote kwa utaratibu aliozoeshwa: maandishi kwanza, kisha mistari ya dakika, kisha namba, nyota mwisho. Mumewe aliuliza, yeye akajibu, mtu aliyepita nje angedhani wanasali litania.

Wateja waliwatania. "Leo fundi mkuu yupo?"

"Mimi ni mikono tu," Bujiku aliwajibu. "Macho yako pale yanachambua dagaa."

Eustace, mnunuzi wa saa kuukuu kutoka Mwanza, ndiye aliyewaambia kwamba huko anakouza watu hugombea hata kosa dogo la kiwandani. Mariana alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani mtu anakataa iliyonyooka anataka iliyopinda? Basi angenioa mimi, nina mguu."

Ni kweli, mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo tangu utotoni.

Fredy alikuwa mtoto wao pekee wa kiume. Kijana mwenye maneno matamu na mikono isiyotulia, aliyekataa ufundi kwa sababu, alisema, saa zinamfanya asinzie. Alipoamua kwenda machimboni, baba yake hakubishana naye sana. Alimtengenezea saa. Alichukua ganda la saa ya pamba lililokuwa bado linang'aa, akalitia mashine nzuri, kisha akafungua kopo la tumbaku alimohifadhi nyuso alizokusanya miaka yote, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya kalenda ya parokia.

"Chagua wewe," alimwambia mkewe. "Mimi nitaweka nisichokiona."

Mariana alizifungua moja moja juu ya kanga yake. Aliipata moja nyeupe kabisa, safi kama ganda la yai, na nyota yake ilikuwa imeinama. Akaisoma mpaka chini, na alipofika kwenye namba nane akasimama. Tundu la juu la ile nane lilikuwa limezibwa na wino. La chini lilikuwa wazi.

"Baba Fredy, hii imeinama nyota, na nane yake ina jicho moja."

Bujiku aliinua kichwa. "Zote mbili kwenye uso mmoja?"

"Zote mbili."

"Hiyo sijawahi kukutana nayo. Zenye nyota iliyoinama nimezishika, zilizozibwa nane nimezishika. Za namna hiyo, hapana." Akacheka. "Mpe hiyo. Nane ina jicho moja kama baba yake."

Fredy aliivaa siku ileile, akaizungushazungusha juani. "Mama, nikirudi itakuwa dhahabu tupu, siyo ya kuchovya."

"Rudi tu," Mariana alisema. "Hata na ya bati."

Fredy alipiga simu kwa muda, kisha simu ikawa haipatikani. Mmoja alisema amemwona Lwamgasa. Mwingine akasema amevuka kwenda Msumbiji kwenye vito. Miaka ikapita. Katika jumuiya ndogo ndogo yao, ambako kila juma huzunguka nyumba hadi nyumba, mwenyekiti wao Scolastika alikuwa na kawaida ya kuombea watu kwa makundi: wagonjwa, kisha walio safarini, kisha marehemu. Jina la Fredy lilikaa kwa walio safarini. Wengine waliosafiri walirudi, majina yao yakatoka, mengine yakaingia. La Fredy lilibaki palepale. Paroko aliwahi kumuuliza Mariana kwa upole kama angependa kutoa nia ya misa. Alijibu, "Padre, misa ya marehemu haitolewi kwa mtu anayetembea." Hakuulizwa tena.

Magesa alifika asubuhi moja ya kiangazi, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mtu wa Mara, mpole, mwenye leseni ya kuchimba mbele ya Kharumwa. Aliegesha pikipiki, akawaamkia wote wawili shikamoo, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimeelekezwa kwako, mzee. Wanasema hakuna anayezijua saa za pamba kama wewe."

"Wanatia chumvi," Bujiku alisema. "Lete."

Magesa hakuileta mara moja. Kwanza alieleza. Alikuwa amefufua duara la zamani, shimo lililoachwa na watu waliochimba bila kibali. Walipovuta maji na kuondoa kifusi, wakakuta mifupa ya mtu mmoja. Polisi walifika, daktari akaangalia, lakini hapakuwa na cha kumtambulisha isipokuwa saa. Kibali cha kuzika kilishatoka. Kesho watazika, awe na jina au asiwe nalo.

"Mimi sipendi kuzika mtu asiye na jina kwenye eneo langu," alisema. "Ana mama huyo."

Mariana alikuwa ameshika kikombe cha kupimia karanga. Alikiweka chini.

Magesa alifungua kitambaa, akaiweka saa kwenye kiganja cha Bujiku. Mariana aliitazama kutoka pale alipokaa, na pumzi yake ikarudi. Ilikuwa nyeupe, nyeupe ya kufifia kama kijiko cha zamani, bila hata alama ya udhahabu.

"Siyo," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ya mwanangu ilikuwa ya dhahabu. Asante Mungu. Hii ni nyeupe."

Magesa alimgeukia. Hakuwa anajua kwamba wana mtoto huko. Alitazama vumbi la viatu vyake kabla ya kusema.

"Mama, samahani. Rangi hiyo usiishike. Sisi tukishasaga mawe tunakamatisha dhahabu kwa zebaki, kwa mikono mitupu. Zebaki ikiiona dhahabu inaishika, haichagui ni ya udongo au ni ya mtu. Kijana mgeni akisahau kuvua saa au pete, jioni anatoka nayo nyeupe kama sufuria mpya. Wanamcheka, wanamwambia karibu machimboni. Hilo ni kosa la kila mgeni."

Bujiku alikuwa ameshaanza kuifungua kwa vidole. Alipitisha ukucha ndani ya ukingo wa mfuniko wa nyuma, akaunyanyua kuelekea kwa mkewe. "Hapa ndani, kunako uzi wa kufungia. Rangi gani?"

Mariana alitazama. Ndani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki, palikuwa na mstari wa manjano mwembamba kama uzi wa nywele.

"Njano," alisema.

"Basi ilikuwa ya dhahabu." Bujiku alitafuta kwa kidole kama kuna mkwaruzo wowote ndani ya mfuniko. Mafundi wengine hukwaruza alama zao pale. Yeye hakufanya hivyo kamwe, alisema ni sawa na kuandika kwenye ukuta wa jirani. Mfuniko ulikuwa mtupu. "Hili haliniambii kitu. Saa za pamba zilizokwenda machimboni ni nyingi. Kuna za huku, kuna za Nzega, kuna za kule Chato."

"Kweli," Magesa alisema. "Hata nikitoka hapa nakwenda Buseresere. Kuna mama huko, Euphrasia, mwanawe Cornel alipotea na saa ya namna hii. Ameshasikia habari, ananisubiri."

Bujiku alitoa kioo kilichoingia ukungu, akaufuta uso kwa pamba kavu, taratibu, asije akafuta wino. Kisha akauweka juu ya meza, akasukuma lenzi kuelekea kwa Mariana.

"Haya, mwenye macho. Tusome."

Alivuta kigoda. Akaegemeza kiwiko mezani, akaiweka lenzi jichoni. Uso ulikuwa na doa la maji pembezoni, lakini katikati ulikuwa umebaki mweupe.

"Maandishi?" Bujiku aliuliza.

"Membamba."

"Mistari ya dakika?"

"Myembamba. Mirefu penye namba."

"Namba nane?"

Nane ilikuwa na jicho moja. Tundu la juu limezibwa na wino, la chini liko wazi, kama alivyoliacha siku ile juu ya kanga yake. Alihisi kana kwamba ile namba nayo inamtazama.

"Iko wazi," alisema. "Matundu yote mawili."

"Nyota?"

Sokoni mtu aliita bei ya nyanya. Ile nyota ilikuwa imelala upande wa kulia, ncha yake imeegemea mstari wa dakika kama mtoto anayeegemea ukuta akingoja kufunguliwa mlango. Aliitazama mpaka jicho likaanza kutoa machozi ndani ya lenzi na nyota ikawa mbili, tatu, kisha ukungu.

"Imesimama," alisema. "Wima."

Bujiku alinyoosha mkono, akauchukua uso, akarudisha kila kitu mahali pake, akamkabidhi Magesa.

"Umesikia alivyosoma," alisema.

"Nimesikia, mzee. Basi Mungu ashukuriwe kwa upande wenu." Magesa aliikunja saa kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. "Nina mkanda wa karasha ya kusaga mawe nautafuta hapa mjini. Nikiupata naelekea Buseresere."

Habari sokoni haihitaji miguu. Kabla jua halijapanda, Scolastika alikwishafika na ungo wake wa mchele mkononi, akimkumbatia Mariana kwa mkono mmoja.

"Wabeja, mayu! Asante Mungu, mama! Nimesikia. Si yeye!"

"Wamesema si yeye," Mariana alisema.

"Wamesema nini, si ni wewe uliyesoma? Macho ya Masumbwe nzima!" Scolastika alicheka, akapiga kigelegele kifupi kilichowafanya wauza mboga wageuke. "Leo jumuiya ni kwako. Tutasali sala ya shukrani, nitaleta sukari. Wewe Mama Fredy, mbona umenuna kama umepimiwa pungufu?"

"Kichwa kinauma."

"Ni furaha hiyo. Inapanda kichwani kama presha." Alikaa kwenye benchi, akaanza kupepeta mchele wake, na sauti yake ikashuka. "Ila namfikiria huyo wa Buseresere. Kama si wetu basi ni wake, maskini. Leo hii anapelekewa. Atalia, atazika, atavua matumaini. Tumweke kwenye sala naye."

Mariana alikuwa anapima karanga za mteja. Kikombe kilijaa, kikamwagika, akaendelea kumimina.

Hakuwa amemfikiria huyo mwanamke. Tangu asubuhi, ndani ya kichwa chake palikuwa na watu wawili tu, yeye na mwanawe. Sasa alimwona wa tatu, akiwa amekaa mlangoni Buseresere, ameoga, amevaa kanga safi kwa ajili ya mgeni. Hana fundi ubavuni. Hana lenzi. Ataona saa, ataambiwa habari ya zebaki, ataamini. Atachukua mifupa ya mtoto wa Mariana, ataiita Cornel, ataililia kaburini. Na kama Cornel yuko mahali anatembea, kuanzia kesho hakuna mtu duniani atakayekuwa anamwombea safari njema.

"Mama Fredy," Scolastika alisema, "unamwaga."

Mariana aliweka kikombe chini. Alivuka hatua chache zilizokuwa kati ya biashara yake na meza ya mumewe. Bujiku alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya magoti, hajagusa kazi nyingine. Mariana alipiga magoti mbele yake kama mtu anayemwamkia mkwe.

"Baba Fredy."

"Naam."

"Sikusoma vizuri."

"Najua."

Mariana alimtazama usoni. Macho yake yaliyofifia yalikuwa yameelekea mahali penye sauti yake.

"Umejuaje na wewe huoni?"

"Nyota ikiwa wima huwa unaitaja hata kabla sijauliza," Bujiku alisema. "Unaitaja huku unatafuna karanga. Leo ulikaa. Nyota iliyonyooka haina cha kumkalisha mtu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilimwambia umesikia alivyosoma. Sikumwambia si ya Fredy." Alipapasa meza mpaka akaupata mkono wake. "Ningesema mimi, ungeniuliza kipofu ameona nini. Nilitaka litoke kwako. Na pia, mama, nilitaka na mimi niipate hii asubuhi ya kuamini yu hai. Nilijua si ya kweli, lakini niliikaa yote. Mungu anisamehe."

"Na nane ina jicho moja," Mariana alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kile alichokuwa amekikalia tangu simu ilipoacha kuita.

Scolastika alielewa bila kuambiwa. Ungo ulimponyoka, mchele ukatawanyika vumbini, na hakuna aliyeinama kuuokota.

Bujiku ndiye aliyesema, "Yule bwana hajaondoka. Mkanda wa karasha hapa hauuzwi haraka. Nenda."

Mariana hakuwa mtu wa kukimbia, kwa sababu ya ule mguu. Siku ile soko zima lilimwona akikimbia. Alipita kwa wauza mitumba, akapita mashine za kusaga, akatokea kwenye maduka ya vipuri barabarani. Magesa alikuwa anafunga mkanda mpya nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, mguu mmoja tayari uko juu ya kiti.

"Baba! Ngoja! Lete hiyo saa!"

"Kuna nini, mama?"

"Lete nisome."

"Si umeshasoma?"

"Nilisoma nilichotaka. Lete nisome kilichoandikwa."

Magesa alimtazama, akashuka. Alitoa kitambaa mfukoni na kukifungua juu ya kiti cha pikipiki. Mariana hakuwa na lenzi, alikuwa ameiacha mezani. Hakuihitaji. Alisema kwa sauti, pale mbele ya wauza vipuri na mafundi pikipiki, kwa utaratibu uleule aliofundishwa: maandishi membamba, mistari mirefu penye namba, nane imezibwa tundu la juu, nyota imeinama kulia na ncha inagusa mstari.

"Uso huu niliuchagua mimi," alisema. "Uliwekwa kwenye saa ya mwanangu, Fredy Bujiku. Mifupa hiyo ni ya kwangu. Usiipeleke kwa mtu."

Wale vijana wa pikipiki walivua kofia zao. Magesa alifunga saa tena, na safari hii hakuirudisha mfukoni. Aliiweka kwenye mikono yake yote miwili, akamkabidhi kama mtu anayetoa kitu cha ibada.

"Pole, mama. Kesho asubuhi nitamleta mwenyewe. Gari nitatafuta."

"Mungu akubariki." Mariana alijifuta kwa ncha ya kanga. "Lakini Buseresere uende."

"Niende kufanya nini tena?"

"Ukamwambie si wake. Ameshasikia kuna mifupa. Usipofika atakaa mlangoni akijiuliza mpaka awe kama mimi. Mwambie imesomwa, ina mwenyewe. Mwambie Mama Fredy wa Masumbwe ndiye aliyesema, na kama hataki kuamini aje, nitampa lenzi atazame kwa jicho lake."

Magesa aliwasha pikipiki, akaelekea Buseresere.

Walimzika Fredy nyumbani, nyuma ya shamba la mihogo, jeneza likiwa jepesi mpaka wabebaji wakashindwa kujua waweke nguvu wapi. Katekista aliongoza sala, paroko akaja mwishoni na kunyunyiza maji ya baraka. Bujiku alishikwa mkono mpaka ukingoni, akadondosha udongo na kusikiliza ulivyotua. Magesa alikuwepo, akachimba pamoja na vijana wa mtaa. Alikuwa amezoea kuchimba, alisema, lakini siyo kwa namna hii.

Siku hiyo alimwambia Mariana kwamba sonara wa Geita anaweza kuichovya ile saa upya, ikarudi kuwa ya dhahabu kama ilivyokuwa. Mariana aliigeuza mkononi.

"Iache," alisema. "Nilimwambia arudi hata na ya bati."

Watu waliendelea kumwita Mama Fredy. Yuko mtu aliyejaribu kumwita Mama Mariana, kwa kumwonea huruma, akakatazwa papo hapo. Jina ni la kwake, Mariana alisema, hakuna shimo lililolifukia.

Baada ya matanga kuanuliwa, zamu ya jumuiya iliangukia nyumbani kwao. Akina mama walikaa kwenye mkeka, wanaume kwenye viti vya kuazima. Waliimba, wakasoma Injili ya juma lile, wakashirikishana neno. Kisha Scolastika alisimama kwa ajili ya maombi, kama kawaida yake, bila karatasi, majina yote kichwani. Aliwataja wagonjwa. Akaingia kwa walio safarini: mume wa fulani aliyekwenda Mwanza kununua nyavu, mabinti wawili wa chuo, dereva wa lori la mpunga. Alipofika mahali pale ambapo miaka yote ulimi wake ulikuwa unakwenda wenyewe, alianza, "Na mwana wetu F—" akakwama. Akafumba macho. Watu wakainamisha vichwa, kila mmoja akitamani ardhi imsaidie.

Mariana alisema kutoka alipokaa, taratibu, kama anavyomrekebisha mtu aliyesoma haraka mno.

"Endelea tu, mama. Huyo tutamtaja mbele, kwa marehemu."

"Ndiyo, mayu," Scolastika alisema, na sauti yake haikumtii vizuri.

"Lakini pale usipaache wazi."

"Nipaweke nani?"

"Weka Cornel. Wa Mama Euphrasia, Buseresere. Hajarudi bado."

Scolastika alivuta pumzi. Nje kuku walikuwa wanapanda bandani, na ndani Bujiku alikuwa amefungua kiganja chake juu ya goti, ile saa nyeupe imelala katikati yake, kidole gumba kikipita taratibu juu ya kioo kipya alichokitia mwenyewe.

"Na mwana wetu Cornel," Scolastika alisema, "aliye safarini. Bwana, umlinde njiani na umrudishe kwa mama yake."

Wote wakaitikia, na sauti ya Mariana ilisikika kuliko zote.